CMMI au BPMM? Kwanza, nani atasoma matokeo?

Ndugu, umeuliza kati ya CMMI na BPMM, mifumo miwili ya kutathmini ukomavu wa michakato ya kazi katika taasisi, mchukue ipi, na bosi anataka jibu kabla ya kikao. Mrudishie swali: tathmini hiyo ataisoma nani?

Kama ni mteja anayedai ithibati kwenye zabuni, chukua anayoitaja yeye, mjadala umekwisha. Mara nyingi itakuwa CMMI. Mizizi yake ni kazi ya kutengeneza programu za kompyuta, na tathmini yake rasmi inataka mtathmini aliyeidhinishwa. Jiandaeni kulipa.

Kama ni kwa ajili yenu wenyewe, mimi naegemea BPMM ya OMG (shirika la kuweka viwango), iliyotoka mwaka 2008. Imeandikwa kwa kazi za kila siku kama malipo na manunuzi, na waraka wake hupakuliwa bure (ni mnene, usiusome usiku). Zote mbili hupima ukomavu kwa ngazi zinazopanda hadi ya 5, kwa hiyo idadi ya ngazi isiwasumbue.

Kabla hamjaamua, chukueni mchakato mmoja tu, tuseme kuidhinisha ankara. Waulize watu watatu wa idara tofauti, kila mmoja kivyake, ankara inapita kwa nani. Mmoja akikutajia fomu, wa pili akasema "inategemea nani yuko zamu", bado hamjafika ngazi ya 3, ambako utaratibu ni mmoja kwa taasisi nzima. Hapo orodha fupi ya maswali inawatosha kuanzia. Sisi tuliruka hatua hiyo, tukaishia na ripoti nzuri kabatini.

Halafu, nani atasimamia marekebisho? Hilo hujalitaja.