Kodi ya duka dogo: anza na kaunta buku

Ninauza vyombo vya plastiki hapa Busia, upande wa Uganda, mwendo wa dakika chache kutoka mpakani. Mabeseni, ndoo, majagi, viti vya watoto. Wateja wangu wengine huvuka asubuhi kutoka Kenya na kurudi kwao kabla ya adhuhuri, wengine ni akina mama wanaotoka vijijini siku za soko. Miaka minne ya kwanza sikuandika chochote. Hesabu yote ilikaa kichwani, na niliamini inatosha.

Mwaka wa tano maafisa wa kodi walipita mtaani kwetu duka kwa duka. Wakaniuliza ninauza kiasi gani kwa mwaka. Tukahesabu mzigo uliokuwepo, tukahesabu naleta mzigo mara ngapi, ikafika kama shilingi za Uganda milioni 54. Nikaombwa vitabu, sina. Risiti za kununulia? Zilikuwepo chache kwenye mfuko wa nailoni chini ya meza, wino umefifia hata tarehe haionekani. Kodi ikawa shilingi 400,000. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, nikaamini kabisa nimeonewa.

Dada mmoja anayeshika hesabu za SACCO yetu ndiye aliyenikalisha chini akanionyesha sheria ilivyo. Biashara ndogo inayouza kati ya milioni 10 na milioni 150 kwa mwaka hutozwa kwa njia mbili. Aliye na kumbukumbu za maandishi ana hesabu yake, asiye nazo anapewa kiwango kimoja cha jumla. Viwango hivyo vilianza Julai 2020. Ukiuza chini ya milioni 10 kwa mwaka, kodi hiyo haikuhusu.

Tuseme unauza nyanya na vitunguu, na kwa mwaka unapata mauzo ya milioni 12. Bila kumbukumbu utalipa 80,000. Ukiwa na kumbukumbu unalipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10, yaani asilimia 0.4 ya milioni 2. Hiyo ni shilingi 8,000. Rudia kuisoma: elfu themanini, au elfu nane, kwa genge lile lile.

Mimi wa milioni 54 nilikuwa kwenye kundi la milioni 50 hadi 80. Mwenye kumbukumbu hapo analipa 180,000, kisha asilimia 0.6 ya kilichozidi milioni 50. Kwangu mimi asilimia hiyo ilikuwa 24,000. Jumla 204,000. Kwa hiyo shilingi 196,000 zilinitoka kwa sababu moja tu, sikuwa nimeandika. Hakuna aliyenionea.

Siku ile ile nilinunua kaunta buku, nikapiga mistari kwa rula: tarehe, kitu, idadi, pesa, amelipaje. Ukurasa wa Jumatatu moja unasomeka hivi: beseni kubwa 3, elfu 36, taslimu. Jagi 2, elfu 10, mobile money. Ndoo 1, elfu 12, deni, mama wa mchele. Anayelipa kwa shilingi za Kenya namwandika kwa pesa aliyotoa, na pembeni naandika nimembadilishia kwa kiwango gani siku hiyo. Naandika pale pale mteja akiwa bado mlangoni. Nilijaribu kuandika jioni na haikufaa, kwa sababu ikifika saa moja usiku tayari umesahau vitu vitatu au vinne. Risiti za kununulia mzigo nazipiga picha siku ninayozipata, maana karatasi zile hufifia haraka, kisha nazibandika kwenye daftari la pili.

Jambo lililonisumbua kuliko kuandika ni kutenganisha pesa ya duka na pesa ya nyumbani. Mtoto akija na barua ya karo, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye droo. Sasa nimejipangia posho ya kila wiki kutoka dukani, nayo naiandika. Ikiisha Alhamisi, nyumbani tunangoja Jumatatu. Watu wa nyumbani walinung'unika mwezi mzima wakazoea. Kodi nayo naitenga mwezi kwa mwezi: 204,000 ukiigawa kwa miezi 12 ni 17,000. Hiyo inapatikana. Laki mbili kwa mpigo mwezi wa Desemba, sikukuu ziko mlangoni na karo ya Februari inakuja, haipatikani.

Nataja Desemba kwa sababu mwaka wa kodi huanza Julai mosi na kuisha Juni 30, na ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mauzo na kodi yako, unatakiwa uwe umeiwasilisha kabla ya Desemba 31 kupita. Ukichelewa kulipa, riba ni asilimia 2 kila mwezi.

Kumbuka pia kwamba kodi hii inaangalia mauzo, haiangalii faida. Mwaka ambao mzigo umekuharibikia au umeibiwa, sheria inakuruhusu kuiandikia URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kuomba utozwe kwa faida badala ya mauzo, na kwa mtu binafsi faida ya shilingi 2,820,000 za kwanza kwa mwaka haikatwi kitu. Lakini hapo bila vitabu kamili usithubutu. Na madaktari, mawakili, wahasibu, wahandisi na wakandarasi wa ujenzi hawamo kabisa katika mpango huu wa biashara ndogo, wana utaratibu wao.

TIN namba, ile namba ya mlipakodi, ni bure. Mimi niliandikishiwa na kijana mmoja wa kompyuta, nikamlipa, naye akaweka simu yake na barua pepe yake. Alipohama mji, kila ujumbe wa kodi yangu ulikuwa ukienda kwake, na neno la siri analo yeye. Ilinichukua wiki nyingi kurekebisha. Akikusaidia mtu, kaa pembeni yake na uhakikishe namba ya simu inayoandikwa ni yako.

Wengi hapa sokoni wanadhani laiseni ya manispaa ndiyo kodi. Sivyo. Laiseni ni ruhusa ya kufanya biashara mahali fulani, kodi ya mapato inakwenda URA, na kulipa moja hakufuti nyingine. Tena pesa ya URA usimpe mtu mkononi, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Unatoa PRN, ile namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, na ujumbe wa malipo unautunza.

Na hapa mpakani lazima niseme jambo kuhusu njia za panya. Najua bei yake inavutia. Lakini mzigo uliopita huko hauna karatasi, ukikamatwa umekwenda wote, na hata usipokamatwa huna risiti ya kuonyesha umeununua. Bidhaa zilizotengenezwa au kulimwa ndani ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zina cheti rahisi cha asili, cha kuonyesha zimetoka wapi, kinachotolewa pale pale mpakani, na hazitozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine zinaweza kubaki, kwa hiyo uliza kabla hujapakia. Mimi mabeseni yangu yanapita hapo.

Mfanyakazi wangu ni mmoja. Mshahara wake hauzidi 235,000 kwa mwezi, hivyo PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, haimgusi. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ni habari nyingine: tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, mwajiri hata wa mtu mmoja anahusika. Yeye anakatwa asilimia 5, mimi naongeza asilimia 10. Mwanzoni niliona mzigo, lakini ni msichana ambaye amefungua duka langu saa moja asubuhi miaka sita bila kukosa, na pesa ile ni ya uzeeni kwake.

Kama unaanza leo, usingoje Julai ifike. Hesabu mzigo ulio dukani usiku huu, andika jumla yake kwenye ukurasa wa kwanza pamoja na pesa iliyo kwenye droo na kwenye simu, na kesho mteja wa kwanza akiingia, kalamu iwe mezani.