Kabla hujaweka metamateriali nyuma ya antena yako

Vijana wanaounda vifaa vya Wi-Fi na sensa hupenda kuniuliza: "Kaka, nikiweka metamateriali (uso wenye vipande vidogo vilivyopangwa ili kuyatendea mawimbi kwa namna isiyo ya kawaida) nitaongeza desibeli ngapi, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi?" Nami huuliza kwanza antena yao inasumbuliwa na nini. Kama iko wazi na haina chuma karibu, iache ilivyo. Dipoli, ile antena rahisi ya vijiti viwili, ikikatwa vizuri si rahisi kuishinda.

Faida huonekana pale antena inapobanwa. Chukua kifaa cha 2.45 GHz kinachofungwa juu ya bati. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 12 na kidogo. Ukiilaza antena milimita chache tu juu ya bati, mkondo unaozuka kwenye bati huenda kinyume na ule wa antena, na nguvu zinauana. Dawa ya zamani ni kuinyanyua robo ya wimbi, yaani kama sentimita 3, na hapo kasha lako limekuwa tofali.

Mwaka 1999 Dan Sievenpiper, mtafiti akiwa chuo kikuu cha UCLA nchini Marekani, alionyesha njia nyingine, na ndiyo metamateriali ninayoizungumzia hapa: safu ya vipande vidogo vya shaba, kila kimoja kikiunganishwa katikati na bamba la chini kwa tundu lililopakwa shaba. Kwa ubavu vinaonekana kama uyoga. Mwanya kati ya vipande hufanya kazi ya kapasita, na njia ya mkondo kupitia matundu hufanya kazi ya koili. Kwenye masafa (frikwensi) fulani uso mzima hurudisha wimbi bila kuligeuza fezi, yaani likirudi linapanda na kushuka pamoja na lile la antena, kwa hiyo antena inaweza kulala karibu nao. Uso huohuo huzuia mawimbi yanayotambaa juu ya bodi, ndiyo maana hutumika pia kutenganisha antena mbili za jirani.

Nimesema masafa fulani. Bodi ikiwa nyembamba, upana wa masafa nao unapungua. FR-4, ile bodi ya kawaida ya saketi, ikiwa ya bei nafuu hula nguvu, na tabia yake hubadilika kutoka bodi moja hadi nyingine, kiasi cha kuhamisha masafa yako kwa makumi ya MHz. Igiza kwanza kwenye kompyuta kwa programu ya openEMS, ni ya bure, kisha chapisha sampuli tatu zenye vipande vya ukubwa uliopishana kidogo.

Kwenye kupima ndiko watu wanakojidanganya. S11, yaani kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, ikizama chini ya desibeli -10 kwenye NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupimia antena, wanashangilia. S11 inasema tu kwamba nguvu haikurudi. Haisemi imekwenda wapi. Kizuizi (rezista) cha om 50 kitakupa S11 safi kabisa na hakirushi chochote hewani. Halafu shika kebo kwa mkono. Mstari kwenye skrini ukicheza, kebo yenyewe imegeuka antena: ivishe feraiti, ile pete ya sumaku inayozuia mkondo wa nje ya kebo, kabla hujaamini namba yoyote.

Kisha toka nje. Weka kifaa juu ya bati lilelile, kwenye stuli ya mbao, na kipokezi mbali mahali pasipobadilika. Soma nguvu ya mawimbi ukiwa na uso ule wa uyoga, halafu ukiwa umeutoa, ukizungusha kifaa kila mara. Tofauti ya desibeli 1 au 2 kwa kipimo cha namna hii usiihesabu. Ikifika 5 au 6 pande nyingi, agiza bodi.