Dereva anaitwa daktari, mimi naitwa mtoto

Binti wa Mombasa, barua yako imeniuma. Unasema una miaka 24, ni paramediki wa ambulensi, juzi mkaitwa nyumba moja Mji wa Kale mzee ameanguka, mdomo umepinda, mkono mmoja hauna nguvu, na wanawe wakakupita wakaenda kumuamkia dereva "daktari", wewe ukaambiwa "we mtoto mwite mkubwa wako". Sasa wauliza uache kazi ama ujikaze.

Usiache mwanangu. Ila pia usianze kubishana umri pale mlangoni, maana hiyo ni dalili ya stroki, yaani kiharusi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kawaida hutolewa kabla hayajapita masaa manne na nusu tangu dalili zianze, tena mpaka apigwe skani kwanza, na nyie bado mna machela ya kubeba kwa miguu vile vichochoro gari haliingii. Ingia, toa shikamoo yako, halafu papo hapo uliza, "Mara ya mwisho kumuona yuko sawa ilikuwa saa ngapi?" Yule aliyekufokea itabidi afikirie saa. Akijibu tu mpe kazi, wewe lete dawa zake za presha, wewe sogeza hayo makochi, huku unampima sukari kidoleni kwa sababu sukari ikishuka nayo yaweza kumfanya mtu hivo hivo.

Dereva ongea naye mapema, mkiwa wawili. Akiitwa daktari asinyamaze, aseme "mkubwa hapa ni huyu dada, mimi namsaidia". Inakera kwamba neno la mwanamume ndo lasikizwa haraka, najua, lakini mgonjwa hawezi kungoja watu wabadilike.

Na mbona hukutaja kina mama? Kuna nyumba hapa pwani mama anatoka damu baada ya kujifungua na hataki kabisa mwanamume amfunue, mume naye amesimama mlangoni. Pale wewe ndo unaombewa dua ufike.

La supavaiza wako uliyemtaja kwenye barua ndo silikubali. Jamaa wa mgonjwa ana hofu, lakini supavaiza cheti chako anakijua, na bado anakupangia kuhamisha wagonjwa hospitali kwa hospitali tu "kwa vile we msichana". Katiba ya 2010 kifungu cha 27 inakataza ubaguzi wa jinsia na wa umri pia. Andika tarehe za shifti, alichosema na nani alisikia, kisha muulize sababu kwa barua, si kwa meseji, nakala ipeleke ofisi ya wafanyikazi na ubaki na yako iliyogongwa muhuri.