Nasoma usiku, baada ya siku mbili sina kitu. Ni umri?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi ni mama wa miaka 46, nimejiunga na diploma ya uhasibu kwa elimu masafa, saivi nina miezi minne. Nasoma moduli usiku watoto wakishalala, napigia mistari, naelewa vizuri tu, ila siku mbili baadae nikijiuliza naona sina kitu. Kwenye grupu la WhatsApp wengi ni vijana naona aibu kuuliza. Kazi ya kwanza sijatuma na mwisho ni wiki ijayo. Niache tu au ubongo ndo ushachoka?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiache. Ni kweli umri ukisogea kasi ya kushika vitu vipya inapungua kidogo, lakini Mandela alimaliza shahada yake ya sheria UNISA, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, mwaka 1989, kwa masomo haya haya ya mbali, bado mfungwa na miaka 70 hivi.

Na kusahau siku mbili si uzee. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alikariri silabi zisizo na maana akajipima mwenyewe, matokeo akayatoa 1885, saa moja tu baada ya kukariri zaidi ya nusu ilikua imeshapotea, na huyo alikua kijana wa miaka thelathini hivi!

Mi shida naiona kwenye hiyo mistari. Ukipigia mistari na kurudia kusoma, macho yanauzoea ukurasa, unadhani unajua kumbe unautambua tu. Soma kurasa tatu nne, funga, chukua daftari uandike unachokumbuka kwa maneno yako, na kwa uhasibu wako fanya hivi, ule mfano wa debiti na krediti ulioko kwenye moduli ufunike halafu uufanye mwenyewe mpaka mizania ikae sawa, ndo ufungue uone ulipokosea. Kesho yake rudia bila kuchungulia, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Mwanzoni utajiona hujui kabisa, vumilia, huko kuhangaika kukumbuka ndo kunakofanya kitu kikae.

Hiyo kazi itume hata kama unaona ni mbovu, tafadhali sana. Isaac Pitman alipofundisha hatimkato, yaani kuandika haraka kwa alama fupi, kwa posta kule Uingereza mwaka 1840, wanafunzi walikua wanamrudishia kazi anasahihisha anawatumia tena, yaani kufundishwa kwenyewe kulikua kwenye yale masahihisho. Wewe usipotuma, mwalimu umemlipia ila hajui hata umekwama wapi.

Grupu lote la nini, mtafute mmoja tu anaekwama kama wewe, mpigie mara moja kwa wiki mfanye maswali pamoja. Wapo, wamenyamaza tu kama wewe.

Kazi ikirudi imesahihishwa niandikie, nitajie pale ulipokosea tuanzie hapo.