Muziki unafunika maneno ya waigizaji: niushushe hadi wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Nimehariri filamu fupi ya dakika 25. Kuna tukio ambapo mama anamwambia binti yake kwamba si yeye aliyemzaa. Nimeweka kinanda na fidla mwanzo hadi mwisho wa tukio. Muziki ukiwa juu, maneno hayasikiki. Nikiushusha, tukio linapooza. Uwe kiwango gani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kiwango nitakupa, ila kwanza zima kabisa traki ya muziki, kisha sikiliza tukio lilivyo. Kwa unavyolieleza, nadhani utasikia kimya kilichokatikakatika: mama akisema, mvumo wa chumba upo, akinyamaza, unatoweka, kwa kuwa ulikata klipu pale pale neno lilipoishia. Hapo ndipo tukio linapopoozea. Muziki umeupa kazi ya kuziba viraka, na kazi hiyo haiuwezi bila kupigwa kwa sauti kubwa.

Rudi kwenye chumba mlichorekodia, watu wote wanyamaze, urekodi dakika nzima ya chumba peke yake. Tandaza sauti hiyo chini ya tukio lote. Halafu ongeza vitu vya mahali penyewe: feni, bodaboda inayopita mbali, kijiko kinachogonga kikombe mama anapokoroga chai asiyoinywa. Huenda ukaona tukio limesimama bila muziki wowote.

Sasa amua muziki uingie wapi. Mtazamaji akisikia fidla inalia kabla mama hajafungua kinywa, ameshajua kuna habari mbaya, na mshtuko wa binti haumfikii tena. Ningekuwa mimi, maneno ya mama ningeyaacha makavu, bila muziki. Kinanda kingeanza baada ya binti kunyamaza, kamera ikiwa usoni pake, na kingepiga noti chache tu. Uso wa mwigizaji ukishasema huzuni, muziki usiirudie. Useme lile ambalo uso umelificha, labda kwamba binti bado anampenda huyu mama.

Uamuzi huu hufanywa tukio kwa tukio. Katika filamu ya Psycho ya mwaka 1960, mwongozaji Alfred Hitchcock alitaka tukio la mauaji bafuni liende bila muziki. Mtunzi wake wa muziki, Bernard Herrmann, akaliandikia muziki hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, fidla zikichoma masikio kama mayowe. Hitchcock aliposikia akakubali. Miaka mitatu baadaye, katika The Birds, wawili hao hao walienda kinyume: hakuna muziki wa usuli, ila milio ya ndege, mingi ikitengenezwa kwa ala ya umeme, huku Herrmann akiwa mshauri wa sauti. Filamu zote mbili zinatisha.

Tuje kwenye namba. Chini ya mazungumzo, anzia desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 15 hadi 20 pungufu ya sauti ya waigizaji. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya maudhui ya mtandaoni yawafikie watu wote, wakiwemo wenye usikivu hafifu, unapendekeza pungufu isiyo chini ya desibeli 20 kwa rekodi za maneno, na kwa mazungumzo mazito kama haya mimi nauunga mkono. Kisha fungua ikwalaiza ya traki ya muziki, yaani kidhibiti cha kupandisha au kushusha sauti nene na nyembamba kila moja peke yake, upunguze desibeli 3 au 4 kati ya hezi (kipimo cha unene au wembamba wa sauti) 1,000 na 4,000. Humo ndimo konsonanti nyingi, kama k na ch, zinamosikika, na konsonanti zikizama, neno limepotea hata kama irabu zinasikika. Fidla nayo inang'ara humo humo, ndiyo maana inagombana na sauti ya mama. Ibadilishe na selo, ala kubwa ya jamii ya fidla yenye sauti nene, inayopiga noti ndefu za chini, au uibakishe kwenye mapengo ya maneno. Wimbo wenye mashairi ya Kiswahili usiuweke kabisa chini ya mazungumzo ya Kiswahili, kwani sikio litafuata maneno ya pande zote mbili.

Mwisho, usiamini hedifoni peke yake. Watazamaji wako wengi watatumia simu, na spika ndogo ya simu humeza besi ikaacha ile sehemu ya muziki inayogombana na maneno. Cheza tukio kwenye simu, feni ikiwa imewashwa, mbele ya mtu ambaye hajasoma skripti, na umwombe akurudishie alichosema mama. Neno lolote atakalolikosa, rudi pale pale kwenye traki ushushe muziki au uukate.