Maswali Yenu: Kuunganisha na Kupaka Rangi Treni Ndogo za Umeme

Barua za mwezi huu zimejaa swali la aina moja: vipi mtu aliyenunua seti ya plastiki ya treni ya umeme aifikishe mahali pa kuiweka mezani bila aibu. Tumechagua tano na kuzijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa kila tatizo.

*Ndugu Mhariri, tangu nilipopanda Mchongoko, treni ya umeme ya reli ya kisasa ya Tanzania, kwenda Dar es Salaam, nimetamani kutengeneza mfano wake kwa mikono yangu. Nilipotafuta seti nilikuta nyingi ni za Kijapani, zimeandikwa N, HO, 1:150 na 9 mm, nami sikuelewa chochote. Ninunue ipi? Je, naweza kuanza moja kwa moja na Mchongoko?*
*Msomaji, Morogoro*

Ndugu yetu, herufi N inasimama badala ya tisa, kwa kuwa neno la tisa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza huanza na herufi hiyo, na tisa yenyewe ni milimita kati ya reli moja na nyingine. Kampuni ya Arnold ya Ujerumani ndiyo iliyotangulia kuuza treni za upana huo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Kato ya Japani ikafuata mwaka 1965. HO ni kubwa zaidi: upana wa reli zake ni milimita 16.5, na kila kitu kimepunguzwa mara 87. Behewa halisi la mita 20 huwa na sentimita 23 katika HO, na sentimita 13 tu katika N ya Kijapani. Kwa hiyo treni ya mabehewa manane ya N huenea juu ya meza ya kawaida ya kulia chakula, wakati ya HO huhitaji karibu mita mbili hata kabla hujafikiria mahali pa kukata kona.

Namba 1:150, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 150, ina habari yake. Reli nyingi za Japani zina upana wa milimita 1,067, upana uleule wa TAZARA. Ukigawanya kwa 150 unapata milimita 7 na kidogo, lakini modeli hupita juu ya reli za milimita 9, kwa hiyo magurudumu yametanuka kuliko yanavyostahili. Mimi nimeshaizoea hali hiyo na sioni kwamba inaharibu sura ya treni. Reli ya kisasa ya Tanzania, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ina upana wa milimita 1,435, na 1,435 ukigawanya kwa 160 unapata takriban 9 kamili. Mchongoko wako, siku utakapoutengeneza kwa kipimo cha 1:160, utakaa juu ya reli za N sawasawa kabisa.

Lakini usianze nao. Pua yake ndefu iliyochongwa haina sehemu bapa hata moja ya kukusaidia kupima, na rangi juu ya mviringo huonyesha kila mtiririko. Nakushauri uanze na behewa moja la treni ya aina ya 103 ya iliyokuwa reli ya taifa ya Japani. Treni hiyo iliingia kazini mwaka 1963 katika njia ya Yamanote, inayozunguka katikati ya jiji la Tokyo. Uso wake ni bapa, ubavu wake umenyooka, na mwili mzima una rangi moja. Yamanote ilipewa kijani chenye unjano, ambacho Wajapani hukiita kwa jina la ndege uguisu. Njia ya Chuo ilikuwa na rangi ya chungwa iliyoiva, Sobu ya manjano, Keihin-Tohoku ya samawati na Joban ya kijani cha zumaridi. Abiria alitambua njia yake kwa rangi, kama mistari ya daladala za Dar es Salaam inavyomwambia mtu gari liendalo Mbagala na liendalo Mwenge. Kwa mwanafunzi wa kazi hii hiyo ni neema, kwa sababu anaweza kurudia umbo lilelile mara tano bila kuchoka nalo.

Kampuni ya Greenmax inajulikana sana kwa seti zisizopakwa rangi. Ndani ya sanduku utakuta mbavu mbili, nyuso, paa na sakafu, vyote vikiwa vimeshikwa na vikonyo vya plastiki. Kata kikonyo mbali kidogo na kipande, kisha kikate tena karibu na umalizie kwa tupa laini. Gundi ya plastiki huyeyusha plastiki yenyewe na kuishikamanisha, kwa hiyo tone dogo linatosha. Unganisha mbavu na nyuso juu ya kipande cha kioo, ukipima kila kona kwa skwea ndogo, kisha uliache behewa hilo usiku kucha. Behewa lililopinda kidogo halinyooki tena likishapata rangi, na likiunganishwa na jenzake kila mtu ataliona.

*Mhariri mpendwa, nilipuliza rangi nyekundu ya kopo juu ya behewa langu, nayo ilipokauka ikawa na ukungu mweupe kama maziwa yaliyomwagwa. Nilinunua kopo jingine nikidhani la kwanza lilikuwa bovu, yakatokea yaleyale. Nifanye nini?*
*Msomaji, Mombasa*

Pole sana, na tafadhali usinunue kopo la tatu. Makopo yako ni mazima. Kilichokuponza ni hewa ya pwani. Thina iliyomo katika rangi hizi hukauka kwa kasi, na inapokauka hunyonya joto la plastiki, hata uso wa behewa ukawa baridi kuliko hewa iliyouzunguka. Hewa ikiwa imejaa unyevu, matone madogo sana ya maji hujikusanya juu ya rangi ambayo bado ni mbichi na kunaswa ndani yake. Ule weupe ni maji, kama jasho linalotokea nje ya glasi ya maji ya barafu. Unyevu hewani ukipita asilimia 80 hatari huwa kubwa, na Mombasa wakati wa masika hufika hapo bila shida, hasa alfajiri na baada ya jua kuzama. Watu wengi hupuliza jioni wakitoka kazini, na hapo ndipo wanapopotea.

Puliza mchana, kati ya saa saba na saa tisa, siku ya jua, kwa kuwa saa hizo ndizo zenye unyevu mdogo. Nunua kipima unyevu kidogo cha kuweka mezani. Si ghali, na kikisoma zaidi ya 75 funga kopo lako ufanye kazi nyingine. Kipande kinachosubiri rangi kikae ndani ya sanduku lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyowekwa kwenye viatu vipya. Mpulizo wenyewe uwe mwepesi: anza kupuliza kabla ya kulifikia behewa, pita kwa mwendo mmoja kutoka umbali wa sentimita 20 hivi, na umalizie ukiwa umeshalipita. Mara ya kwanza plastiki bado itaonekana chini ya rangi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Pita mara tatu au nne, ukipumzika dakika 15 kila mara. Anayetaka rangi ikolee kwa mpulizo mmoja huilowesha, na rangi iliyolowa hukaa muda mrefu ikiyangoja maji.

Behewa uliloharibu bado linaokoka. Liache likauke siku mbili, kisha mchana mkavu pitisha mpulizo mwembamba wa rangi ileile. Thina mpya italainisha uso, unyevu ulionaswa utoke, na mara nyingi weupe hupotea mbele ya macho yako. Ukitumia bunduki ndogo ya upepo badala ya kopo, changanya thina ya aina inayochelewesha kukauka, maana rangi ikikauka polepole uso haupoi ghafla. Kama weupe umekaa ndani kabisa, litumbukize behewa katika pombe ya isopropili mpaka rangi ilainike na kusuguka kwa mswaki, lakini usilisahau humo siku nzima, kwa sababu plastiki nyembamba ya kalibu huweza kupasuka.

Nyekundu yako nayo, kama zilivyo manjano na chungwa, haina nguvu ya kuficha kilicho chini yake. Osha plastiki kwa sabuni ya vyombo ili uondoe mafuta ya kalibu, puliza praima ya kijivu, kagua mikwaruzo, sugua kwa msasa laini wa maji, kisha puliza nyeupe kabla ya rangi yenyewe. Nimewahi kuiruka hatua ya nyeupe kwa haraka zangu. Manjano ikatoka na rangi ya haradali, nikalazimika kurudia mabehewa manne.

*Mhariri, nasoma Osaka na nimenunua seti ya treni ya rangi mbili, chungwa na kijani. Kijani kimepenya chini ya tepu na kufanya mstari wa meno ya msumeno. Wenzangu wanasema tepu ni mbaya.*
*Mwanafunzi, Osaka*

Rangi ulizozichagua ni zile zinazoitwa za Shonan. Zilianza na treni ya aina ya 80 mwaka 1950, na watu walipenda kuzihusisha na machungwa na majani ya chai ya maeneo ambayo treni hizo zilipita. Nakuelewa kwa nini zimekuvutia, ingawa kwa seti ya kwanza umejipa mtihani mgumu.

Tepu yako haina kosa, ila ukingo wake uliotoka nao dukani umeshika vumbi na kuchakaa. Ibandike juu ya kioo, kata ukingo mpya kwa kisu chenye wembe mpya na rula ya chuma, kisha utumie ukingo huo. Rangi isiyokolea hutangulia, kwa hiyo puliza chungwa kwanza na uiache siku nzima au mbili. Bandika tepu, halafu pita na kijiti cha meno juu ya kila fremu ya mlango na kila mfereji, kwa sababu kijani hupenya mahali ambapo tepu imevuka shimo bila kuligusa. Sasa fanya jambo ambalo wengi hawalijui: kabla ya kijani, puliza chungwa tena kidogo juu ya ukingo wa tepu. Chungwa itajipenyeza katika kila uwazi na kuuziba, na kwa kuwa iko juu ya chungwa mwenzake haitaonekana. Kijani kikija hakitakuwa na pa kupita. Bandua tepu kabla rangi haijawa ngumu kabisa, ukiivuta kwa kuilaza nyuma juu ya yenyewe, wala si kwa kuinyanyua wima.

Meno uliyonayo sasa yarekebishe kwa kijiti cha mbao kilichochongwa na kuloweshwa thina kidogo sana, au kwa brashi nyembamba yenye chungwa. Usipulize upya behewa zima, kwa maana rangi ikizidi kuwa nene mistari ya milango hufukiwa.

*Je, modeli huchukua umeme kutoka kwenye waya wa juu kama treni halisi? Na kila behewa lazima liwe na mota?*
*Msomaji, Nairobi*

Kwa kawaida hapana, kwa maswali yote mawili. Treni za N huchukua umeme wa volti 12 kutoka kwenye reli kupitia magurudumu, na pantografu, ule mkono wa paani unaogusa waya wa juu katika treni halisi, ni pambo, ingawa ni pambo ambalo treni ya umeme haikamiliki bila hilo. Behewa moja lenye mota linatosha kuvuta au kusukuma mengine. Katika seti nyingi za kuunganisha mota huuzwa peke yake, kwa hiyo soma sanduku kabla ya kulipa.

*Mwanangu ana miaka 11 na ameipenda kazi hii, lakini tunaishi ghorofani na harufu ya rangi inanitia hofu. Nimkataze?*
*Mama, Zanzibar*

Usimkataze, mama, ila mbadilishie rangi. Rangi za kopo za thina zinawaka moto na mvuke wake unadhuru mapafu. Hazifai kupulizwa ndani ya nyumba, na hata nje mtu mzima anapaswa kuvaa barakoa yenye kichujio cha mvuke, kwa kuwa ya kitambaa haisaidii. Mnunulie rangi za akriliki zinazochanganywa na maji na brashi bapa ya nywele laini. Azipake nyembamba mara mbili au tatu, kila tabaka likauke kabisa, na brashi ifuate urefu wa behewa ili alama zake zisionekane. Madirisha ya plastiki angavu ayabandike mwisho, rangi ikishakauka, kwa gundi nyeupe ya maji. Gundi ile kali ya kushika papo hapo aiweke mbali nayo, kwa sababu mvuke wake huyafanya madirisha kuwa meupe, na weupe huo haufutiki kwa maji wala kitambaa.