Kuhusu sindano za epitaloni kwa mzazi anayechoka upesi

Ndugu yangu, umeuliza kama umnunulie mama yako sindano za epitaloni mtandaoni, kwa kuwa siku hizi anachoka upesi na muuzaji amekuhakikishia kwamba zinarudisha ujana wa seli. Mimi ni mfamasia, na wateja wameshaniletea vichupa vya aina hiyo wakitaka niwaelekeze namna ya kuvichanganya. Ushauri wangu ni kwamba usinunue.

Epitaloni ni peptidi, yaani mnyororo wa asidi amino zinazojenga protini, tena fupi mno, yenye asidi amino nne tu, iliyobuniwa Urusi na kundi la Vladimir Khavinson wa St. Petersburg. Mwaka 2003 kundi hilo lilichapisha matokeo kwamba katika seli za binadamu zilizokuzwa maabara, peptidi hiyo iliamsha telomeresi, kimeng'enya kinachorefusha telomea, yaani zile ncha za kromosomu zinazopungua kadiri seli inavyogawanyika. Matokeo hayo yanavutia, nami siyabezi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ushahidi imetoka kwa watafiti walewale walioibuni, na seli nyingi za saratani huendelea kugawanyika kwa kutegemea telomeresi hiyohiyo, jambo ambalo wauzaji hawalitaji.

Ilinganishe na elamipretidi, peptidi inayojishikiza kwenye kadiolipini, mafuta ya utando wa ndani wa mitokondria, vile viungo vidogo vinavyozalisha nishati ndani ya seli. Hiyo imepitia majaribio ya miaka mingi kwa wagonjwa, mengine yakashindwa kufikia malengo, na ni Septemba 2025 tu ndipo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipoiidhinisha kwa masharti, tena kwa ugonjwa adimu wa kurithi uitwao Barth, si kwa uzee.

Kinachonitisha zaidi ni kichupa chenyewe. Kimoja nilichokishika kilikuwa na unga mweupe ulioganda chini, kizibo cha mpira, na lebo isiyo na jina la kiwanda, namba ya toleo wala tarehe ya kuisha muda. Kulikuwa na maandishi madogo tu kwamba ni kwa utafiti, si kwa matumizi ya binadamu. Mteja alikuwa ameyasoma, akadhani ni ujanja wa kukwepa ushuru. Unga wa namna hiyo ukiwa umechafuliwa na bakteria, sumu zao hubaki hata baada ya bakteria wenyewe kufa, hazionekani kwa macho, kuchemsha hakuziondoi, na zikichomwa mwilini zinaweza kuleta homa kali na kuporomoka kwa shinikizo la damu.

Mama yako mpeleke kwanza akapimwe wingi wa damu, sukari, figo, presha na homoni za tezi ya shingo, na ubebe dawa zote anazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za presha nazo huchosha. Ikiwa ameshachomwa, mweleze daktari waziwazi na uende na kichupa hicho.